Radhi, Toba na Maghufira: Maneno ya Msamaha wa Mwezi wa Ramadhani na Historia Yake katika Kiswahili

Siku za mwisho za mwezi wa Shaabani, katika miji ya pwani tangu Lamu na Mombasa mpaka Unguja na Kilwa, zina desturi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kuvunja jungu, yaani kula na kufurahi kabla mfungo haujaingia. Ya pili ni kutakana radhi. Mtu humwendea jirani yake, mume na mke huambiana, mwanafunzi humwendea mwalimu wake, na maneno yenyewe ni machache: niwie radhi. Mwenziwe hujibu kwamba amekwisha kumwia radhi, naye amwie vivyo hivyo. Desturi ya kwanza ina kelele na harufu ya pilau, kwa hiyo yajulikana hata na wasiofunga. Ya pili haina kelele, na pengine ndiyo sababu haikuangaliwa sana na wale walioandika habari za Waswahili, ingawa maneno yake yamebeba historia ndefu ya dini na ya lugha pamoja.

Mtu aweza kuuliza kwa nini radhi ya binadamu itafutwe kabla ya mwezi ambao shabaha yake kubwa ni msamaha wa Mungu. Jibu limo katika fikihi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wengi wa pwani tangu zamani. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake ni Mashafii. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye vitabu vyake vimesomeshwa katika misikiti na vyuo vya pwani kizazi baada ya kizazi, ameeleza kwamba toba ya dhambi iliyo baina ya mtu na Mola wake ina masharti matatu: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Walakini dhambi ikiwa imegusa haki ya mtu mwingine, sharti la nne huongezeka, nalo ni kuirudisha haki hiyo kwa mwenyewe, au kumwomba aisamehe. Mali iliyochukuliwa hurudishwa. Aliyesengenywa huombwa msamaha. Bila ya sharti hilo toba ina upungufu, hata mwenye kutubu akikesha usiku wote. Kwa hiyo anayetaka radhi mwisho wa Shaabani hafanyi adabu tu. Anafagia njia ambayo atapita mwezi mzima.

Saumu ya Ramadhani ilifaradhishwa mwaka wa pili wa Hijra, yaani mwaka 624. Aya zake zimo katika sura ya pili ya Kurani, tangu aya ya 183 mpaka ya 187, na mwanafunzi wa lugha ana mengi ya kuangalia katika hiyo ya mwisho. Wafasiri wanasimulia kwamba katika siku za mwanzo aliyefunga, akisha kulala usiku, hakuwa na ruhusa tena ya kula wala ya kumwendea mkewe mpaka jua la kesho lichwe. Sharti hilo liliwaelemea watu, na baadhi ya Masahaba walilivunja kwa siri. Ndipo aya ikashuka kuwaruhusu, na ndani yake ikatajwa kwamba Mungu alijua walivyokuwa wakizihini nafsi zao, akawarudia na akawafutia kosa. Basi agizo la kufunga na habari ya kusamehewa vimo katika aya moja. Msamaha wa Ramadhani haukuongezwa baadaye na wahubiri. Ulikuwamo tangu sheria yenyewe ilipokuwa ikikamilishwa.

Vitenzi viwili vya Kiarabu vilivyotumika hapo vina picha mbili mbalimbali. Cha kwanza, taba, asili yake ni kurudi. Mja hurudi kwa Mungu, na Mungu humrudia mja. Kiarabu hutumia kitenzi hicho hicho kwa pande zote mbili na kutofautisha kwa kihusishi tu. Kiswahili kilipolichukua neno hili kiliuchukua upande mmoja. Mtu hutubu, lakini Mungu hatubu. Kusema hivyo kwa Kiswahili ni kama kumkufuru. Kila mfasiri wa Kurani kwa Kiswahili, kutoka Godfrey Dale mwaka 1923 mpaka Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake kamili ilitoka Nairobi mwaka 1969, alikabiliwa na tatizo hilo, na njia iliyozoeleka ni kusema kwamba Mungu hupokea toba. Maana yasalimika, lakini mwendo wapotea. Katika Kiarabu wawili wanatembea wakielekeana. Katika Kiswahili mmoja anatembea na mwingine anapokea. Jambo hili si kosa la wafasiri. Lugha iliyokopa neno haiwajibiki kukopa na viungo vyake vyote.

Kitenzi cha pili, afa, asili yake ni kufuta, kama upepo unavyofuta nyayo katika mchanga. Katika Kiswahili cha washairi wa zamani neno afu latokea kwa maana ya kusamehe na kuponya, lakini katika usemi wa kila siku limefifia, likabaki lile la jamaa yake, afya, ambalo hakuna msemaji anayelifikiria pamoja na dhambi. Neno la tatu ni ghafara, lililotupa ghofiri, ghofira na maghufira. Asili yake ni kufunika. Kofia ya chuma ya askari wa Kiarabu huitwa mighfar, kwa kuwa hukifunika kichwa na kukilinda. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha kueleza majina ya Mungu, aliona kwamba kufuta ni zaidi ya kufunika, kwa sababu kilichofunikwa bado kipo, na kilichofutwa hakipo. Haitashangaza, basi, kwamba dua ambayo Mtume alimfundisha Bibi Aisha aiombe akiudiriki usiku wa Lailatul-kadri imejengwa juu ya neno la kufuta, si juu ya neno la kufunika. Dua hiyo husomwa kwa Kiarabu katika misikiti yote ya pwani kumi la mwisho linapoingia. Akiulizwa maana yake, msomaji wa kawaida hujibu kwamba anaomba asamehewe, na hilo ni kweli. Ila tofauti aliyoiona Ghazali imemezwa katika neno moja la Kiswahili.

Neno hilo moja ni samehe. Mzizi wake ni s-m-h, na maana yake ya asili ni ukarimu na wepesi wa moyo, yaani hali ya mtu asiyeshikilia kila kilicho chake. Katika Kiarabu ni neno la watu zaidi kuliko la Mungu. Katika Kiswahili limepanda likawa la wote wawili, hata maghufira limebaki kuwa neno la mimbarini na la mazishini, lenye kumhusu Mungu peke yake. Hakuna amwambiaye jirani yake amghofirie. Ni vizuri kukumbuka hapa kwamba wafasiri wa Biblia, waliofuata nyayo za Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, nao walichagua samehe na tubu, na wakaunda ondoleo la dhambi pale walipotaka neno zito zaidi. Maghufira wakaliacha kwa Waislamu. Hivyo neno lililopanda likawa la dini mbili, na lile ambalo lilikuwa la juu tangu mwanzo likabaki na jamaa zake wa asili.

Lakini tajiri kuliko yote ni radhi. Kwa Kiarabu ni hali ya kuridhika, kinyume cha ghadhabu, na asili yake haina habari ya kosa hata kidogo. Mtu aweza kuwa radhi na mwanawe ambaye hajamkosea kamwe. Katika usemi wa kale wa pwani, radhi ni kitu ambacho mtu anacho juu ya mwingine, na ambacho aweza kukitoa au kukizuia, na kukizuiwa ni msiba. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, alimfundisha kwamba kiumbe ana haja na radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume, naye akasimulia kwamba mumewe, alipokuwa akifa, alimkaririshia radhi yake. Wasomaji wa siku hizi wamegombana sana juu ya utii anaoufundisha bibi huyu, na ugomvi huo una haki yake. Kwa mwanafunzi wa maneno kuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni kwamba radhi hapa hutamkwa. Haitoshi mume kuridhika moyoni. Alisema, akarudia kusema, na mjane akaihifadhi kauli hiyo kama mtu anavyohifadhi hati.

Kutoka mzizi huo Kiswahili kilipokea usemi kamili wa Kiarabu, kun radhi, maana yake uwe radhi, nao ukagandamana ukawa neno moja, kunradhi. Pamoja na hayo Kiswahili kilitengeneza usemi wake chenyewe, niwie radhi, ambao ukiutazama vema ni kun radhi ile ile iliyovikwa nguo ya Kibantu: kitenzi wa katika kauli ya kutendea, yaani uwe kwangu radhi. Hapa lugha ilifanya jambo ambalo Kiarabu hakikulifanya. Kitenzi wia kilikuwa na kazi nyingine tangu zamani. Kumwia mtu ni kumdai. Kuwiwa ni kuwa na deni. Mwenye kusema nawiwa na fulani amesema kwamba fulani anamdai. Hivyo msemaji anapoomba awiwe radhi, neno la deni na neno la msamaha yanatoka katika mdomo mmoja na kwa kitenzi kimoja. Haidhuru kama mtu wa kwanza kuunganisha maneno hayo alikusudia au hakukusudia. Masikio ya Waswahili yamekuwa yakisikia yote mawili.

Na masikio hayo yalikuwa yamekwisha kufunzwa na hadithi mashuhuri ya mtu aliyefilisika, iliyomo katika sahihi ya Muslim. Humo Mtume anawauliza wenziwe ni nani muflisi, nao wanadhani ni asiye na fedha wala mali. Akawaeleza kwamba muflisi ni yule ajaye Siku ya Kiyama na sala yake na saumu yake na zaka yake, lakini amemtukana huyu, amekula mali ya yule, amempiga yule mwingine. Basi thawabu zake hugawiwa wanaomdai mpaka zikaisha, kisha dhambi zao hutwikwa yeye. Hadithi hii husomwa sana katika darsa za Ramadhani, na si ajabu. Inamwambia mwenye kufunga kwamba saumu yake yaweza kuwa mali ya mtu mwingine.

Lugha ya deni imeingia mahali pengine pia. Aliyekosa kufunga kwa safari au ugonjwa hulipa. Kiarabu husema kadhaa, yaani kutekeleza, lakini Kiswahili husema kulipa saumu, na siku zenyewe huitwa deni. Mzee au mgonjwa asiye na tamaa ya kupona hutoa fidia, chakula cha maskini mmoja kwa kila siku, na kipimo chake ni kibaba, kilichochukuliwa kuwa sawa na mudi ya Kiarabu. Vibaba vinne ni pishi, nayo pishi ilisimama mahali pa saa ya Madina, yenye mudi nne, katika zaka ya fitri inayotolewa kabla ya sala ya Idi. Pishi ya mchele ilikuwa na uzito wa ratili 6 hivi. Ibn Abbas amepokea kwamba zaka hiyo ina kazi mbili: kumtakasa aliyefunga na maneno ya upuuzi na machafu, na kuwalisha maskini. Hata hapa makosa ya mdomo yanalipwa kwa kipimo cha sokoni.

Kisha liko neno kafara. Mzizi wake, kama ule wa maghufira, una maana ya kufunika. Mkulima afunikaye mbegu kwa udongo ameitwa kwa mzizi huo katika Kurani yenyewe. Katika sheria kafara ni malipo yanayofunika kosa kubwa. Aliyemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani kwa kusudi, kwa fikihi ya Kishafii, amlazimu kumwacha huru mtumwa Mwislamu. Asipoweza, afunge miezi miwili mfululizo. Asipoweza, alishe maskini 60. Katika Kiswahili cha leo neno hili limekwenda mbali, hata wengi hulitumia kwa sadaka ya kuondoa mkosi, na magazeti hulitumia kwa mtu aliyetolewa ili wengine waokoke. Safari hiyo kutoka malipo ya mkosaji mpaka kuangamizwa asiyekosa yastahili makala yake peke yake.

Lakini lile sharti la kwanza la kafara halikuwa nadharia katika pwani ya karne ya 19. Watumwa walikuwapo katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba na katika mashamba ya nafaka ya Malindi, na kumwacha huru mtumwa kulihesabiwa kuwa amali njema, hasa kwa kafara na kwa wasia wa mwenye kufa. Katika hali hiyo yafaa kuisikiliza tena kauli inayojulikana na kila Mwislamu wa pwani, kwamba Ramadhani ina makumi matatu: kumi la rehema, kumi la maghufira, na kumi la kuachwa huru na Moto. Neno la Kiarabu katika kumi la tatu ni itiki, nalo ndilo neno la sheria la kumtoa mtumwa utumwani. Kiswahili hakikulifasiri kwa neno la kuokolewa tu. Kimesema kuachwa huru, usemi ule ule wa hati ya mtumwa. Bwana aliyekuwa akiomba katika kumi la mwisho aliomba kwa Mola wake jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa na uwezo wa kumtendea mtu aliyemtilia maji ya udhu jioni ile. Wako waliolitenda. Wengi hawakulitenda, na utumwa uliondolewa kwa amri za serikali: mwaka 1897 Unguja na Pemba, mwaka 1907 pwani ya Kenya, mwaka 1922 Tanganyika. Tangu hapo kafara imebaki na milango miwili, na kuachwa huru na Moto kumekuwa mfano ambao asili yake haikumbukwi na wanaoutaja.

Ama hadithi yenyewe ya makumi matatu, wanavyuoni wa hadithi wameipima na kuiona dhaifu. Ibn Khuzaima, aliyefariki mwaka 924, aliyeipokea katika kitabu chake, aliitia shaka tangu kichwa cha mlango. Pamoja na hayo imekita mizizi pwani kuliko hadithi nyingi zilizo sahihi. Sababu moja yaweza kuwa ni hesabu. Mkulima na baharia wa pwani walikwisha kuzoea kuuhesabu mwaka wa jua, ule uanzao na Nairuzi, kwa makumi ya siku yaitwayo miongo, na kwa miongo walijua lini pepo zitageuka na lini wapande. Mwezi uliogawanywa kwa makumi ulifika kwa watu waliokwisha kugawanya mwaka wao hivyo. Hii ni dhana, lakini ni dhana yenye kufuata tabia ya watu. Mafundisho hushika upesi pale yanapokuta chombo cha kuyapokea.

Nairuzi yenyewe inastahili neno moja hapa. Katika kijiji cha Makunduchi, kusini ya Unguja, Mwaka Kogwa huadhimishwa kwa watu kupigana kwa magome ya migomba, na wenyewe hueleza kwamba mapigano hayo humaliza vinyongo vya mwaka uliopita. Pwani basi ina miaka miwili, wa jua na wa mwezi, na kila mmoja una njia yake ya kutoa chuki vifuani: mmoja kwa migomba, mmoja kwa ulimi. Wanavyuoni wengi hawapendi kuona mambo haya yakitajwa pamoja, na wana sababu zao. Mwanahistoria hana budi kuyaona katika kisiwa kimoja.

Si kila mtu aliridhika na Ramadhani ya hesabu na malipo. Ghazali, katika Ihyaa, alizipanga saumu kwa daraja tatu: saumu ya watu wote, ambayo ni kulizuia tumbo na tamaa, saumu ya watu maalumu, ambayo ni kuvizuia macho, masikio, ulimi, mikono na miguu visitende dhambi, na saumu ya wateule wao, ambayo ni moyo kufunga na kila kisicho Mungu. Mafundisho ya namna hii yalienezwa pwani na masharifu na masheikh kutoka Hadhramauti, pamoja na ratibu ya Imamu Abdalla al-Haddad aliyefariki mwaka 1720, ambayo bado husomwa. Matunda yake katika fasihi yaonekana wazi katika Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, akiyatazama magofu ya Pate, anausemeza moyo wake mwenyewe na kuutaka uzinduke. Utenzi huo si wa Ramadhani, wala hautaji mfungo kuwa habari yake. Lakini umbo lake, la mtu anayesimama kando ya moyo wake na kuukemea kama mwanafunzi mzembe, ndilo umbo la daraja ya pili ya Ghazali. Na msamiati wa nafsi, ghururi na majuto ambao Mswahili hutumia akizungumza juu ya kufunga kwa kweli umepitia katika mashairi ya namna hiyo kabla ya kufika katika khutba.

Khutba na magazeti yalikuja baadaye. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, na aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha karatasi yake ya Al-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawasemeza Waislamu kwa Kiswahili juu ya mambo yaliyokuwa yakisemwa kwa Kiarabu. Athari yake katika lugha ya toba haijapimwa vya kutosha. Kabla yake mtu wa kawaida aliisikia dua ya maghufira kwa Kiarabu, akaitikia amina; baada yake, na zaidi baada ya mwanafunzi wake Sheikh Farsy, aliweza kuisoma maana kwa lugha yake na kujiuliza kama ameitimiza. Kuelewa kunapunguza haiba ya maneno, wengine husema. Kunaongeza wajibu pia.

Limebaki jambo la kalenda, ambalo pengine ndilo la kale kuliko yote. Mswahili hakuihesabu miezi yake kutoka Muharamu. Mwezi baada ya Ramadhani, ambao Waarabu huuita Shawali, yeye aliuita Mfunguo Mosi, ufuatao Mfunguo Pili, na kadhalika mpaka Mfunguo Tisa. Kisha hesabu hukoma, na miezi mitatu hubaki na majina ya Kiarabu: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Mwezi wa hija ni Mfunguo Tatu, na wa Maulidi ni Mfunguo Sita. Mwaka wa Hijra huanza katikati, katika Mfunguo Nne, bila ya kelele. Baadhi ya kamusi na wasemaji wengi huandika Mfungo Mosi. Umbo lenye u lafaa zaidi kwa asili, kwa kuwa latoka katika fungua, na mwezi wa kula mchana hauna sababu ya kuitwa mfungo. Kuanguka kwa u mbele ya o ni jambo jepesi la matamshi.

Ukitazama siku za juma utaona utaratibu ule ule. Siku baada ya Ijumaa ni Jumamosi, ya kwanza, na hesabu huendelea mpaka Jumatano. Kisha hukoma, na siku mbili hubaki na majina ya Kiarabu, Alhamisi na Ijumaa. Siku tano za hesabu na mbili za jina. Miezi tisa ya hesabu na mitatu ya jina. Huu hauwezi kuwa mwafaka wa bahati. Waliouweka walihesabu wakati kutoka pale kitu kitakatifu kinapokwisha, na walipokikaribia tena waliacha kuhesabu wakakiita kwa jina lake. Mwaka wao ulianza siku ambayo mtu ametoka Ramadhani, kama alitumaini, akiwa hana deni. Wako waliosema kwamba jina Ramadhani, lenye asili ya joto la ardhi iliyoungua, limepewa mwezi huu kwa sababu huziunguza dhambi. Hiyo ni tafsiri ya wacha Mungu na si ya wanaisimu, lakini waliotunga kalenda ya Kiswahili wangeikubali.

Maneno yenyewe hayakubaki yalipokuwa. Kunradhi leo ni neno la kumpitia mtu mbele au la kutanguliza jambo la aibu. Na samahani, iliyokuwa ombi la kusamehewa, hutumika kumwita mwuza duka au kuuliza saa. Ndiyo maana niwie radhi imeendelea kuishi mwisho wa Shaabani: haijachakaa kwa kazi ndogo ndogo, na asemaye hudhaniwa kuwa amekusudia. Hata hivyo nayo imeanza kusemwa kwa jumla, kwa mkusanyiko mzima mara moja, ili kila aliyekosewa ajitwalie sehemu yake. Kwa sharti la nne la Nawawi, masheikh wengi husema radhi ya namna hiyo haimalizi haki ya mtu ambaye mali yake imo mkononi mwa mwombaji.

Idi ikisha pita, na mikono ya Idi ikisha tolewa, wanawake wengi wa pwani huingia katika Mfunguo Mosi wakiwa na siku zao za kulipa, pamoja na siku sita za suna ambazo huitwa Sita. Swali la lipi litangulie, deni au suna, huulizwa kila mwaka katika darsa za wanawake. Wako masheikh wanaoruhusu suna itangulie maadamu wakati wa kulipa ni mrefu, na wako wanaotaka deni liishe kwanza. Na wanawake, mara nyingi, huanza na deni.